Rozari Si Adhabu

Maneno haya niliyasema kwenye kikao cha walimu wa dini, walezi wa TYCS, yaani umoja wa wanafunzi vijana Wakatoliki Tanzania, na wazazi, katika shule moja ya sekondari ya Kikatoliki hapa Moshi. Baadhi ya waliokuwepo waliomba niyaandike. Nimeyaacha yalivyokuwa, ila nimepunguza pale nilipojirudia.

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Mkuu wa Shule, masista, walimu wenzangu, wazazi. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Walutheri mlioshuka kutoka Machame na Marangu, Bwana asifiwe. Wazazi Waislamu, asalaam aleikum. Nimewasalimu kila mmoja kwa salamu yake kwa sababu watoto wenu wote wanakaa kwenye darasa langu, dawati kwa dawati, na nitakayosema leo hayamwachi nje hata mmoja.

Nianze na dhambi yangu. Mwalimu wa dini akianza na dhambi za wengine, watu wanaanza kutazama saa.

Zamani nikiwa mwalimu kijana, kwenye shule ambayo sitaitaja, nilikuwa mlezi wa bweni la wasichana. Kengele ya sala ya asubuhi ililia saa kumi na moja na nusu. Ilikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba wa huku mlimani mnaujua, maji ya bomba yanauma kama siafu. Binti mmoja wa Kidato cha Pili alichelewa siku tatu mfululizo. Siku ya tatu nikampigisha magoti kwenye kokoto nje ya kikanisa, nikampa rozari, nikamwambia asali matendo yote: ya furaha, ya uchungu na ya utukufu. Ya mwanga yalikuwa bado hayajaongezwa, bahati yake. Salamu Maria mia na hamsini. Mimi nikaenda kunywa chai.

Mwaka juzi tulikutana msibani Kibosho. Ni mama mzima sasa, muuguzi, ana watoto watatu. Alinikumbatia vizuri kabisa, hana kinyongo. Jioni chini ya turubai katekista akaanzisha rozari ya kumwombea marehemu. Nikamwona ameinuka, ametoka. Nikamfuata hadi kwenye migomba, nikidhani anaumwa. Akaniambia huku anacheka, "Mwalimu, nisamehe. Mimi nikisikia ile Salamu Maria ya kwanza tu, magoti yananiuma."

Yeye alicheka. Mimi nilirudi kwenye turubai nikashindwa kuitikia.

Ndilo jambo langu leo, na sina jingine. Tumeichukua dini tukaipanga kwenye kanuni za shule, ikakaa mstari mmoja na kuchomekea shati na kunyoa nywele. Mtoto anaishika miaka minne kwa sababu kiranja anamtazama. Siku anapofunga sanduku lake la bati baada ya mtihani wa mwisho, anaivua pamoja na sare. Halafu sisi tunakaa kwenye vikao kama hiki tukilalamika kwamba vijana wa siku hizi wamepotea.

Hata kiboko kina utaratibu kuliko rozari yetu ya adhabu. Kanuni za serikali zinasema viboko visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Rozari ya adhabu haina idadi, haina kitabu, na mwalimu wa zamu yeyote anaigawa kama peremende. Siwaombi mrudishe viboko, msinielewe vibaya. Nasema tu kwamba kitu kitakatifu tumekipa ulinzi mdogo kuliko fimbo ya mpera.

Na fimbo, kwa kuwa tumeifikia, wazee wetu huku Uchaggani walikuwa nayo ya namna nyingine kabla misioni haijaja. Iliitwa mregho. Ni kijiti kilichokatwa alama, na kila alama ilikuwa na fundisho lake, juu ya mimba, kuzaliwa, kukua, na mtu anavyotakiwa kuishi na wenzake. Kijana alifundishwa alama kwa alama hadi aimalize. Fimbo ileile inayoweza kumchapa mtu, wao waliitumia kumfundishia. Sisi tuliosoma chuo cha ualimu tunaitumia kwa kazi ile moja tu.

Turudi nyuma kidogo, maana mazoea haya yana asili.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1891, Kibosho 1893, Rombo 1898. Walutheri wa Leipzig walianza Machame mwaka huohuo wa 1893. Ndiyo maana hadi leo ukiniambia kwenu ni wapi mlimani, nakaribia kukisia ulibatizwa wapi. Dini ya ukoo ilifuata misioni ipi ilitangulia kupewa kiwanja na mangi, yaani chifu wa Kichagga. Misioni ilikuja na mche wa kahawa, na kitabu, na katekismu, vyote mkono mmoja. Kusoma na kujiandaa kubatizwa vilikuwa karibu neno moja. Aliyejifunza herufi alijifunza kwa Baba Yetu. Kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuuliza shule inaishia wapi na kanisa linaanzia wapi.

Mwaka 1969 serikali ikazichukua shule. Umbwe, Pugu na nyingine nyingi za misioni zikawa za umma. Aliyezichukua, Mwalimu Nyerere, alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila siku, tena aliyewahi kufundisha Pugu mwenyewe. Kuna watu hawajamsamehe kwa hilo. Mimi nina maoni yangu, na nitayaeleza kwa njia ya baiskeli.

Nilisoma sekondari ya serikali. Kipindi cha dini kilikuwa kimoja, Ijumaa mchana, wanafunzi wakigawanyika kila mtu na dhehebu lake. Kwetu Wakatoliki alikuja katekista mzee kutoka kigangoni, amepanda baiskeli ya Phoenix, suruali ameibana kwa kibanio cha nguo. Tulikaa chini ya mgrevilea. Hakuna aliyeita majina. Usipokuja, hakuna aliyekuuliza. Na tulikuja, wakati mwingine na Walutheri wawili watatu waliotoroka kwao kuja kusikiliza. Kwa nini? Kwa sababu mzee yule ulimuuliza chochote. Na asipojua alisema, "Hilo sijui, nitamuuliza paroko." Ijumaa inayofuata alirudi na jibu, limeandikwa nyuma ya risiti ya dukani. Hakuwahi kusahau. Nimefundishwa na madaktari wa falsafa tangu wakati huo, na hakuna aliyewahi kunichukulia swali langu kwa uzito ule, likapanda mlima kwa baiskeli na kushuka.

Sasa shule zetu za Kanisa zimerudi, nyingi, nzuri, na zinaongoza matokeo. Wazazi mnauza kahawa, mnauza ng'ombe, mnakopa SACCOS ili mtoto aje kwa masista. Nikiwauliza kwa nini, mnasema "malezi". Nikiwabana malezi ni nini, wengi mnamaanisha asipate mimba, asivute bangi, apate daraja la kwanza. Ni mambo mema yote matatu. Lakini kwa hayo hata shule isiyo ya dini ingetosha, hatukuhitaji msalaba ukutani.

Kanisa lenyewe limeshalifikiria hili kuliko sisi. Mwaka 1988 Idara ya Vatikano inayohusika na elimu ilitoa waraka juu ya sura ya kidini ya elimu katika shule ya Kikatoliki, na humo ikatenganisha vitu viwili ambavyo sisi tunavipika sufuria moja. Kuna elimu ya dini, ambayo ni somo. Lengo lake ni ujuzi: Mkristo ni nani, anaamini nini, kwa nini, na imani hiyo imefanya nini duniani. Hilo anaweza kulisoma Mkatoliki, Mlutheri, Mwislamu na asiyeamini kitu, wote wakatoka na alama zao. Na kuna katekesi, ambayo ni kumkuza mtu aliyekwisha kuamini, au anayetaka kuamini, ili aishi hivyo. Nyumba yake ni parokia, jumuiya ndogondogo na familia. Vinasaidiana, lakini si kitu kimoja.

Sisi tuna kitu cha tatu, ambacho hakimo kwenye waraka wowote niliousoma. Ni dini ya kiranja.

Niseme hili polepole. Zipo shule ambako kiranja anasimama nyuma ya kanisa na daftari, anaandika majina ya Wakatoliki wasiotoka kwenda komunyo. Jumatatu wanaitwa ofisini kueleza. Baba Mkuu, wewe ni padri, unajua nasema nini. Mtoto ana jambo zito moyoni, amegombana na mwenzake, ameiba, amefanya la kufanya, anajua hastahili, na dhamiri yake inamwambia kaa. Dhamiri ileile tunayosema tunaijenga! Anainuka anakwenda kumpokea Kristo ili kumkwepa mtu wa Kidato cha Tano mwenye kalamu. Tumemfundisha nini hapo? Sheria ya Kanisa, kanuni ya 748, inasema hairuhusiwi kamwe kumlazimisha mtu aipokee imani Katoliki kinyume cha dhamiri yake. Na Katiba ya nchi, ibara ya 19, inasema kueneza dini na kuabudu ni jambo la hiari ya mtu. Daftari lile lichomwe. Kiberiti nitaleta mimi.

Kuhusu somo la mtihani, lile wanaloliita BK, yaani Bible Knowledge, Maarifa ya Biblia, sitakaa sana. Lifundishwe vizuri kama Kemia. Nawapinga wenzangu wanaosema limeua imani kwa kuigeuza maswali ya kukariri. Ukilifundisha kwa kukariri litaua, lakini hata Kiswahili kinakufa hivyohivyo. Kwangu mimi ni saa pekee katika juma ambapo Mlutheri na Mkatoliki wanafungua kitabu kimoja ukurasa mmoja, na mara nyingi Mlutheri ndiye anayejua ukurasa ulipo. Tusidanganyike tu kwamba A ya BK ni cheti cha utakatifu.

Niwaambie ninachofanya mimi sasa, tangu ile rozari ya kokoto inichome.

Nina sanduku. Ni la kiatu, nimelitoboa juu kwa kisu. Linakaa nje ya maktaba, si ofisini kwangu, maana ofisini kwangu watoto wanaona nani kaingia. Wanatumbukiza maswali bila jina. Ijumaa nalifungua mbele ya darasa, natoa moja, nalisoma kama lilivyo, na tunalifanyia kazi kipindi kizima. Miezi miwili ya kwanza nilipata upuuzi. "Je, Yesu alikuwa anashangilia Simba au Yanga?" Nililisoma hilo nalo kwa sauti na tukalijadili kwa uzito wote. Waliposhika kwamba sicheki na sikasiriki, yakaanza kuja yenyewe.

Moja lilikuwa hili: "Kwa nini niungame kwa padri wakati naweza kumwambia Mungu mwenyewe nikiwa kitandani?"

Mnajua jibu la kwenye katekismu. Na mimi nalijua. Sikulitoa. Niliwaambia tungoje Ijumaa ijayo, na Ijumaa ijayo nilikuja na jani la isale nililolikata kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la ukoo. Nikaliweka mezani, nikanyamaza.

Watoto wa Dar es Salaam waliona ni jani. Kijana mmoja wa Rombo akanyoosha mkono. Akasimulia jinsi babu yake alivyosogeza mpaka kwa jirani, mkono mmoja tu wa ardhi, na miaka ikapita watu hawasalimiani, hata kwenye misiba wanakaa pembe mbalimbali. Mwisho babu akakata isale, akalifunga fundo, akaenda na mzee mwenzake hadi uani kwa jirani. Na jirani akalipokea, kwa sababu huku kwetu aliyeletewa isale akilikataa, lawama inahamia kwake.

Nikauliza, kwa nini babu hakuomba msamaha kitandani, kimoyomoyo? Darasa zima likacheka. "Jirani atajuaje?" Nikasema, ehe. Na ule mkono wa ardhi? Wakasema, lazima aurudishe. Nikasema, ehe. Na yule mzee mwenzake alikwenda kufanya nini? Wakafikiri. Binti mmoja akasema, "Alikwenda ili liwe la watu wote, lisiwe la wawili tu."

Walimu, nimefundisha sakramenti ya Kitubio miaka yangu yote kwa kuandika ubaoni: majuto, maungamo, malipizi, maondoleo. Siku ile sikuandika kitu, na yote manne yalisemwa na watoto kabla ya kengele. Dhambi imemjeruhi mtu na jumuiya yake, haikuishia chumbani kwako, ndiyo maana kuiponya nako hakuishii chumbani. Wazee wetu walilijua hilo kabla ya 1891.

Sitaki mtoke hapa mkidhani nilishinda. Yuko kijana nyuma aliyesema, "Lakini Mwalimu, jirani ni mtu, haoni moyoni. Mungu anaona. Mfano wako hautoshi." Nikamwambia kweli, hautoshi. Tukaendelea naye hadi wiki ya tatu. Kijana huyo sasa ndiye mwenyekiti wa TYCS wa shule. Hajakubaliana nami bado.

Swali jingine lilikuja baada ya safari ya Oldupai. Kidato cha Nne walikwenda na basi, wakaona alipopata Mary Leakey lile fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, wakasimuliwa nyayo za Laetoli za miaka milioni tatu na laki sita. Jumatatu sanduku lilijaa. "Adamu alikaa upande gani wa bonde?" Mmoja aliandika kwa hasira, "Asubuhi Biolojia inasema hivi, mchana Dini inasema vile, nani anatudanganya?"

Wapo walimu wa dini wanaojibu, "Andika ya Biolojia kwenye mtihani, ila moyoni amini ya Biblia." Hilo ni jibu baya kuliko yote niliyowahi kusikia. Unamfundisha mtoto wa miaka 16 kwamba imani ni mahali pa kuficha kichwa, na kwamba mtihani ni mahali pa kusema uongo.

Mimi nilichukua kitabu chao cha Biolojia, nikafungua mada ya urithi, nikauliza, Mendel alikuwa nani? Wakajibu kwa pamoja kama wimbo, baba wa jenetiki, alipanda njegere. Kazi yake ilikuwa nini? Kimya. Wamemkariri huyu mtu, wamechora njegere zake fupi na ndefu, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba njegere zile zilipandwa kwenye bustani ya monasteri ya Brno, na aliyezihesabu alikuwa padri, mtawa wa Mtakatifu Augustino, ambaye baadaye akawa abati wa nyumba hiyo. Na yule aliyepeleka hoja kwamba ulimwengu ulianza kutoka kitu kidogo kabisa ukatanuka, Georges Lemaître wa Ubelgiji, naye alikuwa padri. Papa Pius XII aliandika mwaka 1950 kwamba wataalamu hawakatazwi kuchunguza asili ya mwili wa binadamu. Yohane Paulo II mwaka 1996 akasema nadharia ya mageuko si dhana tu. Kisha tukafungua Mwanzo, tukasoma sura ya kwanza na ya pili moja baada ya nyingine, wakagundua wenyewe kwamba mpangilio wa uumbaji haufanani. Wakashtuka. Hapo ndipo niliweza kuwauliza: mtu aliyeziweka sura hizi mbili pamoja, mnadhani hakuona? Alitaka kutuambia nini, basi, kama hakutaka kutupa ripoti?

Kipindi kile hakikutosha. Vizuri. Kipindi cha dini kinachotosha kina kasoro.

Kuna swali moja nilitamani lisije. Jumamosi tarehe 1 Februari 2020, mnakumbuka wote, hapa Majengo, uwanjani. Watu walikimbilia kukanyaga mafuta ya upako, 20 wakafa. Jumatatu darasani kulikuwa na ukimya wa namna yake. Moshi ni mji mdogo. Ijumaa, sandukuni: "Sisi nasi askofu anatupaka mafuta kwenye Kipaimara. Tofauti ni nini?"

Ningeweza kuwaponda waliokwenda pale. Ilikuwa rahisi, na baadhi ya watu walifanya hivyo mitaani. Lakini waliokufa walikuwa mama za watu na watoto wao, wamekwenda kutafuta uponyaji na riziki, si upuuzi. Nikalijibu swali lilivyoulizwa. Nikasema, Krisma, yaani yale mafuta ya Kipaimara, haiuzwi. Haina mstari wa kukimbilia, wa kwanza na wa mwisho wanapata ileile. Haikuahidi gari. Inakupaka na kukutuma kazi, haikupaki na kukuondolea kazi. Halafu nikaona haitakuwa haki kuishia hapo, nikawauliza wangapi nyumbani kuna chupa ya maji ya baraka inayonyunyizwa mlangoni dhidi ya wachawi, na rozari inayoning'inia kwenye Hiace ya mjomba ili isigongwe. Mikono mingi. Tukaongea kuhusu tofauti ya sakramenti na hirizi, na kwamba mstari ule unapita katikati ya nyumba zetu wenyewe.

Ningemwambia mtoto yule "usiulize mambo ya Kanisa", angekwenda kuuliza wapi? Kwenye simu, likizo ya Desemba, saa sita usiku, kwa mtu mwenye kipaza sauti na namba ya kutumia sadaka.

Sasa ninyi wazazi Waislamu na wa madhehebu mengine, najua mna wasiwasi, na wengine mmeusema kwangu kwa upole: mwanangu atageuzwa. Niwape tarehe moja. Tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza tamko juu ya elimu ya Kikristo. Siku hiyohiyo ukatangaza tamko juu ya dini zisizo za Kikristo, linalosema Kanisa linawaheshimu Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja. Siku moja, chumba kimoja, maaskofu walewale. Mimi naona shule ya Kikatoliki inayofuata tamko la kwanza na kulisahau la pili imesoma nusu ya barua. Binti mmoja Mwislamu ndiye aliyelifundisha darasa langu kwamba Qurani ina sura nzima inayoitwa Maryam. Wakatoliki walikodoa macho. Rozari wanasali kila Oktoba, na hawakujua jirani wa kitanda anamheshimu mama yuleyule. Kwenye misa anakaa kama mgeni au anakwenda maktaba, hiari yake. Kwenye kipindi anakuwepo, na anajibu mtihani, na Ramadhani sista wa jikoni anamwachia daku kwenye hotpoti. Hilo la hotpoti sikulipanga mimi. Sista alilianza bila kikao.

Na ninyi Wakatoliki wenzangu, zamu yenu. Mtaguso uleule unasema wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu. Mwezi wa kwanza mnamleta mtoto na godoro, mnamkabidhi sista, mnashukuru, mnakwenda. Mwezi wa kumi na mbili mnamchukua, na mnashangaa hasali. Swali la sanduku, nalisoma lilivyoandikwa: "Baba ananiambia niende misa, yeye anabaki baa ya mbege mbele ya kanisa, ananisubiri nikitoka. Nifanye nini?" Sikuweza kulijibu darasani. Nimelileta kwenu. Mwandiko siutambui, na ningeutambua nisingesema.

TYCS wana njia yao waliyoirithi kutoka kwa Padri Cardijn wa Ubelgiji, aliyekuwa akiwafundisha vijana wafanyakazi: ona, amua, tenda. Tunaanza kila siku na tenda. Amka, piga magoti, sali, nyamaza. Ona na amua tumewanyang'anya, kwa sababu anayeona anauliza, na anayeuliza anatuchelewesha chakula cha mchana.

Mwalimu Nyerere alibatizwa mwaka 1943, akiwa na miaka 21. Kasoma shule, kafika Makerere, bado anafikiri. Hakuna aliyempigisha magoti kwenye kokoto. Najiuliza mara nyingi angekuwa nani kama angekutana na mimi, yule mimi wa asubuhi ya mwezi wa saba.

Nimeona matroni ananionyesha saa, nimalize. Dada zetu wa Kidato cha Tatu watapita na karatasi. Kila mmoja, mapadre na masista mkiwemo, aandike swali moja kuhusu Mungu alilokuwa nalo akiwa na miaka 15 na hakuthubutu kumuuliza mtu. Msiandike jina. Sanduku liko hapo mlangoni, ni la viatu vya Bata, msilidharau. Kalamu nimeleta 12 tu, kwa hiyo azimaneni. Ijumaa watoto watayafungua na kuyajibu wao.

Asanteni. Tumsifu Yesu Kristo.